Mabenchi ya Msiba Bado Yako Uani

Ilomba,
Kwa mkono wa Mzee Sedekia,
S.L.P. 218,
Mbeya.

14 Septemba, 1975.

Mpendwa shemeji yangu Yotamu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na Apolonia na watoto. Natumaini barua hii itawakuta mmeamka salama na moto umeshawaka jikoni, maana najua baridi ya Mufindi haimngoji mtu avae. Je, kifua cha Apolonia kimepona? Uliandika mwezi wa tatu kwamba ukungu wa mashamba ya chai ulimwingia, akawa anakohoa hata akicheka. Niandikie habari zake. Na yule mdogo, ameanza kutembea, au bado anajikokota kwa makalio kama baba yake? Jailos ndiye aliyeniambia kwamba wewe ulichelewa kusimama, mpaka mama yenu akakufukia miguu mchangani ili ikaze. Alikuwa akisimulia huku anacheka peke yake.

Sisi tu wazima. Subilaga yuko darasa la kwanza na meno ya mbele yamemtoka yote mawili. Mwalimu wake anasema anasoma vizuri ila anaongea sana. Mahindi ya mwaka huu hayakuwa mabaya, tulipata ya kula, ingawa panya nao walipata yao. Sasa hivi upepo wa mwezi wa tisa umeanza, vumbi linaingia hata ndani ya chumvi.

Shemeji, ni miezi saba sasa tangu ndugu yako Jailos atutoke. Watu huniambia kwamba nitazoea. Bado sijazoea. Ninalala upande wangu wa kitanda na sivuki katikati. Juma lililopita nilitoa koti lake sandukuni nilipige jua, maana nondo wameanza kulila, nikakuta mfukoni karanga mbili zilizokauka. Nilizirudisha mfukoni. Sijui kwa nini nakuandikia jambo dogo kama hilo, ila hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia habari ya karanga na akaelewa.

Unakumbuka alivyokuwa na chai? Alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, hanywi, anaongea tu, habari za kazini, habari za reli, mpaka chai inapoa. Ndipo anaonja na kusema, "Atu, mbona chai yako ya baridi?" Kila siku. Na kila siku nilimjibu kwa ukali kidogo. Siku hizi namimina kikombe changu, na mimi pia naacha kipoe.

Sasa nikueleze lililonifanya nikae niandike leo baada ya ibada.

Kufika mwezi wa nne, vitu vya ndani vilikuwa vinaisha. Kaka yangu Ambrosi alinitumia maneno kutoka Chunya kwamba nifunge nyumba nimfuate, kazi ya tumbaku ipo, na chumba kipo. Ni mwema, simlaumu. Lakini nyumba hii Jailos aliifyatulia matofali mwenyewe jioni akitoka kazini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji. Nikiifunga nikaenda zangu Chunya, masika mawili tu itakuwa gofu. Nikajiambia, nitafute kitu cha kufanya hapa hapa, nisiondoke.

Nilifikiri kuuza chai na maandazi. Wewe unaijua njia inayopita ubavuni mwa nyumba yetu, watu wote wanaokwenda kazini asubuhi hupita hapo, na barabara kuu haiko mbali. Mtaji sikuwa nao. Niliangalia ndani nikaona kuna vitu vilivyobaki msibani. Lilikuwapo lile furushi kubwa la majani ya chai ulilompa utingo wa basi pale Nyololo ili atuletee, maana waombolezaji hawakulimaliza hata nusu. Vilikuwapo vikombe vya bati tisa. Na uani yalikuwapo mabenchi manne, yale ambayo Fundi Saulo aliyagonga siku ya mazishi kwa mbao Jailos alizoziweka za mlango wa chumba cha pili. Nikauza kuku wangu wawili na kitenge kimoja ambacho sikuwahi kukivaa, nikapanga foleni siku mbili nikapata unga wa ngano, na mafuta, na hamira. Karai nilimwazima Marta, jirani yetu wa upande wa mferejini, yule mama wa kanisa mwenye sauti kubwa.

Nilianza Jumatatu moja ya mwezi wa sita, wakati baridi ya huku inauma hata meno. Niliamka mapema, nikakanda, nikachoma maandazi, nikatenga birika. Kulipokucha watu wakaanza kuja. Walikuja wengi hata nikaogopa kwamba vikombe havitatosha. Nilijua moyoni kwamba Mungu amenisikia.

Mzee Sedekia ndiye aliyetangulia. Unamkumbuka, mzee wetu wa kanisa. Alivua kofia, akanishika mkono, akasema, "Pole sana, Mama Subilaga." Akakaa kwenye benchi, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa ajili ya mjane na yatima. Kisha akanywa vikombe viwili, akala andazi, akanishika tena mkono, akaenda zake.

Na wote wakafanya hivyo hivyo. Fundi Saulo alikunywa akapasua kuni kidogo, akaenda. Marta aliosha vikombe vyote huku akiimba taratibu wimbo tuliouimba makaburini. Hakuna aliyeuliza bei. Na mimi ningemdai nani? Ningemwambia nini mtu aliyetoka kuniombea sasa hivi? Hawa ndio waliochimba kaburi. Hawa ndio waliolala uani kwangu siku tatu, mvua ikiwanyeshea.

Nilidhani ni siku ya kwanza tu. Siku ya pili ikawa hivyo, na juma la pili pia. Walikuwa wakiambiana, "Haya ndiyo majani ya mdogo wake marehemu, majani mazuri," na wanaongeza kikombe. Madereva wa malori yaendayo Zambia nao walisimama mara chache. Lakini dereva akiona watu wamekaa kimya juu ya mabenchi, na wanawake wamejifunika khanga, anavua kofia, ananitilia senti hamsini mkononi, "Pole, mama," na kuondoka bila kuonja kitu. Ikawa wanaokunywa hawalipi, na wanaolipa hawanywi.

Usinicheke, shemeji. Au cheka tu, Jailos angecheka mpaka akae chini.

Niliendelea hivyo kwa miezi miwili. Nilipunguza sukari, nikakata maandazi madogo. Marta akasema mbele ya watu, "Jamani, msiba wa Mama Subilaga umepungua mwili," na wote wakanihurumia, wakaniletea sukari. Nami nikawapikia sukari hiyo hiyo.

Basi mwezi wa nane akaja mtu mmoja anaitwa Malimi, Msukuma, wa wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Alikuwa ametoka mnadani, mrefu, na fimbo yake, anaongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Aliniambia nimpe chai. Akanywa vikombe viwili, akala maandazi matatu, akajifuta mdomo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaangalia huku na huku.

"Nimlipe nani hapa?"

Marta akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Baba, hapa hatulipi. Hapa ni msibani."

Malimi akasimama upesi, akavua kofia. "Nisameheni, wenyeji. Marehemu kazikwa leo?"

"Februari," akasema Fundi Saulo.

"Februari hii ijayo?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Hii iliyopita," akasema Marta, na sauti yake ilianza kupanda. "Ni mume wa huyu mama."

Malimi akaniangalia mimi, na mikono yangu ilikuwa imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Akaangalia birika. Akaangalia watu. "Sasa mbona anayepika ni yeye?" akauliza. "Kwetu aliyefiwa ndiye anayepikiwa. Huku Mbeya mnafanya kinyume?"

Shemeji, hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Lakini niliona Marta anakitazama kikombe alichokishika kama kitu alichokiiba.

"Msiba huu haujafungwa," akasema Mzee Sedekia. "Mdogo wa marehemu bado hajaja kukaa."

"Hiyo ni yenu, mzee wangu, siiingilii," akasema Malimi. Akaweka fedha yake juu ya mfuniko wa beseni la maandazi. "Ila mimi si wa msiba huu. Mimi nimekunywa chai. Mama, maandazi yako matamu, ila madogo." Akachukua fimbo akaenda zake.

Ile ndiyo fedha ya kwanza niliyolipwa, na ndiyo ya mwisho. Kesho yake nilitenga birika kama kawaida, hakuna aliyekuja kunywa. Waliona aibu. Badala yake Marta alikuja na ugali na maharage kwenye sinia, ameufunika kwa kitambaa, akaniamuru nikae nile. Jioni mke wa Saulo akaleta viazi. Wananipikia sasa kwa zamu, kama siku zile za kwanza. Ni wema mkubwa, lakini si biashara. Unga uliobaki ni nusu debe na umeanza kuingia wadudu. Jiko sijaliwasha tangu siku ile. Ambrosi ametuma maneno tena, anasema tumbaku inapandwa mvua zikianza, niseme kama naja au siji.

Mzee Sedekia alikuja kuongea nami, yeye na Marta. Aliniambia, "Mama Subilaga, kosa ni letu, hatukufikiri. Lakini mtu hawezi kununua chai msibani, na hasa majani yaliyoletwa msibani. Hata ukimlazimisha, mkono wake hautatoa. Funga msiba kwanza, halafu uone kama hatutakunywa."

"Na kulipa," akasema Marta.

"Na kulipa. Lakini mwezi wa nne nilikuambia tufunge, ukakataa. Ukasema tumngoje Yotamu."

Ni kweli nilisema hivyo. Na hapa ndipo penye jambo lililonisumbua kuandika barua hii, nimechana karatasi mbili.

Wewe unajua desturi yetu. Mabenchi hayaondoki uani mpaka ndugu wa marehemu aje akae juu yake, ale na watu, kisha asimame awashukuru na kuwaambia waende nyumbani. Ninyi mlikuwa wawili tu, na baba na mama walishatangulia. Umebaki wewe. Kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimjibu, tunamngoja Yotamu. Mzee Sedekia alipotaka yeye mwenyewe aseme neno hilo kwa niaba yako, nilimwambia hapana, Yotamu atakuja, ana kazi nyingi, atakuja. Wakaanza kukusema. Si sana, lakini walikusema, kwamba hukuwahi mazishi na hata kukaa hukuja. Nami nilisikia nikanyamaza.

Shemeji, nilikuwa nakusingizia. Sikuwahi kukuita. Katika barua yangu ya mwezi wa tano nilikuandikia habari za mahindi na za shule, sikugusa jambo hili hata kidogo. Niliogopa kwamba nikikuita utakuja. Maadamu mabenchi yako uani, na watu wanaingia asubuhi wakiniambia pole, ilikuwa kama Jailos ameondoka juzi tu. Jina lake lilikuwa likitajwa kila siku nyumbani kwake. Nilijua kwamba siku mabenchi yakiondoka watu watataja mambo mengine, na ndivyo inavyopasa kuwa, lakini mimi sikutaka. Nadhani hata chai ile niliianzisha pale uani, na si kando ya barabara, kwa sababu hiyo hiyo, ingawa nilijiambia ni kwa ajili ya kuokoa gharama ya kujenga kibanda.

Nisamehe. Nimeshamweleza Mzee Sedekia ukweli, na Jumapili hii amewaeleza watu nje ya kanisa kwamba Yotamu hakuitwa. Hakuna anayekusema tena. Na ile simu ya maandishi kukufikia siku ya nne, wakati ulikuwa msituni na watu wa kuni, hilo halikuwa kosa lako wala la mtu. Najua linakuuma. Katika barua yako ya mwezi wa tatu uliandika jina la Jailos mara moja tu, na wino ulikuwa umemwagika hapo. Nililiona.

Sasa nakuita. Njoo Jumamosi tarehe 11 Oktoba. Nimepanga mbali ili upate kuomba ruhusa kazini. Ukipata basi la mapema pale Nyololo utafika hapa kabla ya saa nane. Njoo na Apolonia kama kifua chake kinaruhusu, natamani sana kumwona.

Kama kuna mtu huko amekutisha kwamba ukija kukaa utakabidhiwa mjane, mwambie mjane mwenyewe amekataa. Nasema hivi ili Apolonia naye aisome na acheke. Wewe ni mdogo wangu. Nilikuosha miguu ulipokuja kututembelea una vidonda vya viatu vipya, nitakuwazaje zaidi ya hapo?

Majani ya chai ukiweza yalete tena, ila safari hii usiyalete kama zawadi. Niuzie, hata kwa bei ndogo namna gani. Yale ya kwanza yaliyobaki tutayanywa yote siku hiyo, wala sitaacha hata chembe. Fundi Saulo ameahidi kuyahamisha mabenchi kando ya barabara kuu na kuyapaka rangi ya kijani iliyobaki alipopaka madirisha ya kanisa. Marta anasema atakaa hapo juma zima la kwanza, na mtu akifumba macho kuomba kabla ya kulipa, yeye atamfumbua. Basi Ambrosi nitamjibu siku hiyo ikishapita. Kama watu watakunywa na kulipa, nabaki na nyumba yangu. Kama hawatakunywa, nitakuwa nimejaribu.

Kama hutapata ruhusa, niandikie upesi. Mzee Sedekia atasimama badala yako, na watu watakubali, na msiba utafungwa. Sitaki ubebe hilo kama mzigo. Lakini mimi ningependa iwe wewe. Sauti yako na ya Jailos zilikuwa zikinichanganya, ukiita hodi nilikuwa nikidhani ni yeye amerudi mapema. Miezi saba sijaisikia. Naiogopa na naitaka.

Hutahitaji maneno mengi. Washukuru tu, kisha uwaambie, nendeni nyumbani. Watainuka, kila mtu atachukua njia yake. Subilaga na mimi tutabaki uani, kwa sababu nyumbani kwetu ni hapo, na ndipo nitakapojua kwamba kweli hayupo. Nimejiandaa kwa hilo, shemeji. Nimejiandaa kadiri ninavyoweza. Baki nasi usiku huo mmoja, usiondoke na wengine.

Nisalimie sana Apolonia, na watoto wote kwa majina yao. Nisalimie mzee Eliezeri aliyekupokea ulipofika Mufindi mara ya kwanza, mwambie Jailos alikuwa akimtaja katika maombi. Subilaga anakusalimu, anauliza kama chai ina maua. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Mungu awalinde kazini na njiani, awape afya na riziki, na awafikishe kwangu salama.

Ni mimi shemeji yako, dada yako, ninayewakumbuka kila asubuhi,

Atuganile, Mama Subilaga.